Nati, Shafti na Sahani: Hoja Kuhusu Istilahi za Mashine ya Msumeno

1.0 Utangulizi

Suala la istilahi za Kiswahili limejadiliwa kwa muda mrefu. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, na hasa baada ya Baraza la Kiswahili la Taifa kuanzishwa nchini Tanzania mwaka 1967, wataalamu wameshughulikia msamiati wa isimu, fasihi, biolojia, fizikia, kemia, sheria na utawala. Kazi hiyo imezaa matunda ambayo hayawezi kubezwa. Hata hivyo, ipo nyanja moja ambayo imepewa nafasi ndogo katika mijadala ya vyuo vikuu, nayo ni nyanja ya karakana. Aghalabu huchukuliwa kwamba mafundi wana maneno yao, kwamba maneno hayo yanatosha, na kwamba mwanaisimu hana la kuongeza wala la kujifunza huko.

Makala haya yanapinga mtazamo huo kwa kutumia mfano mmoja mdogo: viungo vinavyoushika msumeno wa duara katika mashine ya meza ya seremala. Viungo hivyo ni shafti, sahani mbili za chuma zinazoubana msumeno kutoka pande zote mbili, na nati inayokaza sahani hizo. Ni viungo vichache, na mtu asiye fundi anaweza kudhani kwamba majina yake si jambo la kujadiliwa katika jarida la taaluma. Inadaiwa hapa kwamba kinyume chake ndicho kweli. Majina ya viungo hivi yanaonyesha kwamba istilahi isiyoeleza kazi ya kitu inaweza kumwelekeza mtumiaji kwenye kosa, na kwamba katika karakana kosa la aina hiyo linaweza kugharimu vidole vya mtu.

Ili kuepuka utata, katika makala haya neno "msumeno" linatumika kwa maana ya ile duara ya chuma yenye meno, na neno "mashine" kwa maana ya chombo kizima, pamoja na meza na mota yake.

2.0 Kazi ya Viungo Vyenyewe

Kabla ya kuzungumzia majina, ni muhimu kueleza kazi. Msumeno wa kawaida wa mashine ndogo una kipenyo cha inchi 10, yaani milimita 254. Ukizunguka mara 4,000 kwa dakika, ncha za meno yake husafiri kwa kasi ya takribani meta 53 kwa sekunde, ambayo ni sawa na kilometa 190 kwa saa. Kitu kinachokwenda kwa kasi hiyo hakishikwi na tundu lake. Tundu kazi yake ni kuuweka msumeno katikati tu. Kinachoushika ni msuguano wa sahani mbili zinazoubana, na nguvu ya kubana hutokana na nati.

Sahani ya ndani huegemea bega la shafti, na katika mashine nyingi huwa imeshikamana nayo. Sahani ya nje huondolewa kila msumeno unapobadilishwa. Sahani zote mbili huchongwa kwa uangalifu: uso unaogusa msumeno huwa na bonde katikati ili mgusano uwe kwenye ukingo wa nje peke yake. Vipenyo vya sahani hizo vinapaswa kulingana. Vikitofautiana, msumeno hupinda kidogo unapokazwa, kwa kuwa upande mmoja unasukumwa karibu na katikati na upande wa pili unazuiwa mbali nayo.

Usafi nao ni sehemu ya kazi hiyo. Chembe ya utomvu uliokauka yenye unene wa milimita 0.1, ikinaswa kwenye ukingo wa sahani yenye kipenyo cha milimita 76, huusogeza ukingo wa msumeno wa milimita 254 kwa zaidi ya milimita 0.3, kwa sababu mkengeuko huongezeka kadiri mtu anavyotoka katikati. Msumeno wa namna hiyo hutikisika, huunguza ubao na huacha alama kwenye mkato.

3.0 Tatizo la Neno "Washa"

Katika karakana nyingi, kitu chochote cha chuma, cha duara na chenye tundu, kinachokaa chini ya nati, huitwa washa. Kwa umbo, jina hilo linaeleweka. Kwa kazi, linapotosha. Washa ya kawaida hukatwa kutoka kwenye bamba jembamba, haichongwi uso, na kazi yake ni kulinda kitu kinachokazwa kisikwaruzwe na nati na kutawanya mkazo wake kidogo. Haikukusudiwa kushika kitu kinachozunguka mara elfu kadhaa kwa dakika.

Ichukuliwe kwamba sahani ya nje ya mashine imepotea. Fundi anamtuma mwanafunzi wake dukani kwa kumwambia, "Kalete washa ya shafti." Mwanafunzi analeta washa. Hakukosea, kwani ameleta kile alichotajiwa. Washa hiyo inaingia kwenye shafti, nati inakazwa, mashine inawashwa, na msumeno unazunguka. Hakuna dalili ya haraka kwamba kuna kasoro. Kumbe msumeno sasa unabanwa na sahani pana upande mmoja na kipande chembamba upande wa pili, na ubao mgumu ukiingia, msumeno unaweza kuteleza au kuyumba. Chanzo cha hatari hiyo ni jina lililounganisha vitu viwili ambavyo kazi zake ni tofauti.

Kuna wanaopendekeza neno "flanji", ambalo tayari linatumiwa na mafundi wa mabomba. Neno hilo lina faida ya kufahamika, na mafundi vyuma wanaolitumia hawana sababu ya kuzuiwa. Hata hivyo, flanji ya bomba ni ukingo unaofungwa kwa bolti kadhaa ili kuunganisha vipande viwili. Dhana hiyo iko mbali na dhana ya kubana. Makala haya yanapendekeza "sahani ya kubana", na pale inapohitajika kutofautisha, "sahani ya ndani" na "sahani ya nje". Neno sahani si geni katika matumizi ya kiufundi. Kizazi cha santuri kiliita duara za muziki sahani, na hakuna aliyezichanganya na sahani za wali. Kitenzi kubana, kwa upande wake, kinataja kazi yenyewe, na mtu akitumwa kuleta sahani ya kubana hataridhika na kipande kisichoweza kubana.

4.0 Shafti au Mhimili?

Kuhusu shafti, baadhi ya wapenzi wa lugha wangependa neno "mhimili". Ni neno zuri, lenye mizizi mirefu, na limekwisha kuzoeleka katika masomo. Tatizo ni kwamba limezoeleka kwa maana nyingine. Katika jiografia na hisabati, mhimili ni mstari wa kufikirika ambao kitu hukizunguka au ambao vipimo huanzia. Dunia huzunguka katika mhimili wake, lakini hakuna chuma kilichopenya kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini. Katika mashine ya msumeno dhana zote mbili zipo kwa wakati mmoja. Shafti ni chuma kinachoshikika, na mhimili ni mstari unaopita katikati yake. Shafti ikipinda, fundi anahitaji kusema kwamba shafti imeacha mhimili wake. Iwapo vyote viwili vitaitwa mhimili, sentensi hiyo haitaweza kutungwa.

Kwa hiyo neno shafti, ingawa ni la mkopo, linastahili kubaki. Lugha nyingine nazo zimepita njia zake. Wafaransa huita kiungo hicho arbre, yaani mti, na neno arbor la Kiingereza katika maana hii lina uhusiano na asili hiyo hiyo. Hakuna ulazima wa Kiswahili kutafsiri mti wa Wafaransa. Mkopo si aibu katika ufundi wa Waswahili. Meza yenyewe ambayo msumeno umefungwa chini yake ilipata jina kutoka Kireno, kama ilivyo kwa parafujo. Randa ilitoka Uajemi. Nati, bolti na spana zilitoka Uingereza. Sambamba na maneno hayo kimeishi kitenzi cha kale "kukereza", ambacho bado kinaeleza vizuri kazi ya kuchonga chuma au mti unaozungushwa. Mafundi wamekuwa wakichagua, na mara nyingi wamechagua vema.

Hali kadhalika kuna neno linalohitaji kurudishwa kutoka kamusini hadi karakanani. Husikika ikisemwa kwamba nati "imekwisha meno". Katika mashine ambayo msumeno wake pia una meno, usemi huo unaleta mkanganyiko usio wa lazima. Kiswahili kina neno "hesi", yaani ule mfuo wa mzunguko uliochongwa kwenye shafti na ndani ya nati. Meno yaachiwe msumeno, na hesi ipewe nati. Umuhimu wa pendekezo hili utaonekana katika sehemu inayofuata, ambapo meno na hesi vinatajwa katika kanuni moja.

5.0 Kulia, Kushoto na Mwendo wa Msumeno

Jambo zito zaidi linahusu upande wa kukazia nati. Nati za kawaida hukazwa kwa kufuata mwendo wa akrabu za saa. Nati ya msumeno wakati mwingine huenda hivyo, na wakati mwingine huenda kinyume. Vitabu vya Kiingereza huzitofautisha kwa kutaja hesi ya mkono wa kulia na hesi ya mkono wa kushoto, na tafsiri ya Kiswahili kwa kawaida hufuata mkondo huo huo. Swali ni kama tafsiri hiyo inamsaidia anayeshika spana.

Sababu ya tofauti hiyo ni ya kimaumbile. Mota inapowashwa, shafti huanza kuzunguka ghafla, na nati, kwa uzito wake, huelekea kubaki nyuma. Ubao unapokatwa, ukinzani wake huuvuta msumeno nyuma, na mvuto huo hufika kwenye sahani ya nje na nati. Kwa sababu hiyo, hesi huchongwa ili kubaki nyuma huko kukaze nati badala ya kuilegeza. Juu ya meza, meno ya msumeno huja kuelekea kwa mwendeshaji. Nati ikiwa upande wa kulia wa mwendeshaji, mtu anayeitazama nati hiyo atauona msumeno ukizunguka kinyume cha akrabu za saa. Kwa hiyo nati itakazwa kwa kufuata akrabu, na hesi ya kawaida inafaa. Nati ikiwa upande wa kushoto, mambo hugeuka, na hesi ya kinyume inahitajika.

Maelezo hayo ni sahihi, lakini ni mazito kwa mwanafunzi aliyepiga magoti mbele ya mashine, akitazama ndani ya uwazi mwembamba wa meza. Kulia kwa nani? Kwa aliyesimama mbele ya mashine au kwa anayeitazama nati? Maneno kulia na kushoto hutegemea mahali mtu aliposimama, ilhali nati haitegemei hilo. Yapo maelezo mafupi zaidi yanayofaa mashine zote za namna hii: nati hukazwa kinyume cha mwendo wa msumeno, na hulegezwa kwa kuufuata mwendo huo. Kwa kuwa meno huelekea kule msumeno unakokwenda, mwalimu anaweza kusema: ukifuata meno, nati hufunguka, ukienda kinyume cha meno, nati hukaza. Sentensi hiyo haikutafsiriwa kutoka popote. Imetokana na kazi yenyewe, na mtu anaweza kuikumbuka akiwa amekata umeme na kushika spana.

Kanuni hiyo ina mipaka ambayo fasili kamili haina budi kuitaja. Kwanza, meno ni alama ya kuaminika endapo tu msumeno umefungwa kwa upande wake sahihi. Pili, mota ya umeme wa fezi tatu huzunguka kinyume ikiwa nyaya mbili zimebadilishana nafasi, na hapo nati iliyokuwa ikijikaza huanza kujilegeza. Tatu, breki kali hufanya kazi kinyume cha kuwasha: shafti husimama ghafla huku nati ikitaka kuendelea. Ndiyo maana katika baadhi ya mashine zenye breki sahani ya nje huzuiwa kwa pini isizunguke peke yake. Orodha ya istilahi yenye safu mbili tu, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, haiwezi kubeba maarifa haya. Fasili ndiyo inayoweza.

Uzito wa jambo hili unaongezeka kwa sababu mashine nyingi za Afrika Mashariki hazikutoka kiwandani zikiwa kamili. Katika maeneo ya maseremala kama Keko, jijini Dar es Salaam, na katika karakana za jua kali nchini Kenya, si ajabu kukuta meza iliyounganishwa kwa kuchomelea, mota iliyotolewa kwenye chombo kingine, na shafti iliyokerezwa mtaani. Hapo seremala humwagiza mkereza vyuma kwa maneno ya mdomo. Asipokuwa na neno la kutaja mwelekeo wa hesi, mkereza atachonga hesi ya kawaida, kwa kuwa ndiyo vifaa vyake huchonga kwa urahisi. Iwapo nati itakaa upande wa kushoto, kila mashine inapowashwa nati itasukumwa ilegee. Kosa hilo haliwezi kuwekwa juu ya seremala wala juu ya mkereza, maana kila mmoja alifanya kazi yake kwa ustadi. Kilichokosekana kati yao ni neno.

Vipimo navyo vinadai usahihi huo huo. Mashine za Marekani za inchi 10 kwa kawaida zina shafti ya inchi 5/8, ambayo ni milimita 15.875, na misumeno mingi ya Ulaya ina tundu la milimita 30. Msumeno wa tundu la milimita 30 ukivalishwa kwenye shafti ya inchi 1, yaani milimita 25.4, bila bushi, unaweza kukaa nje ya katikati kwa milimita 2.3. Bushi inayoziba nafasi hiyo nayo lazima iwe nyembamba kuliko msumeno, ama sivyo sahani zitabana bushi na kuuacha msumeno huru. Sharti hilo ni dogo kwa maandishi, na linapaswa kuwa sehemu ya fasili ya bushi ya msumeno.

6.0 Hoja Zinazopingana

Hapana shaka patakuwa na wanaosema kwamba mafundi wamefanya kazi miaka mingi bila msaada wa wanaisimu. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haielezi ni kwa gharama gani maarifa hayo yalipatikana. Fundi mkuu anajua kwamba washa si sahani ya kubana. Hilo amelijua kwa miaka, na pengine kwa kovu. Istilahi nzuri humpa mwanafunzi wa mwezi wa kwanza sehemu ya maarifa hayo kabla ya kovu.

Wengine watasema kwamba Kiingereza kinatosha, maadamu vitabu vingi vya ufundi vimeandikwa kwa lugha hiyo. Jibu ni kwamba maagizo ya karakana hayatolewi kwa Kiingereza. Sheria ya mwaka 1994 iliyoanzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi nchini Tanzania ililenga vijana ambao wengi wao walisoma elimu ya msingi kwa Kiswahili. Aidha, mwaka 2021 Bunge la nchi hiyo lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Kanuni za usalama kazini zikiandikwa kwa Kiswahili, zitahitaji kutaja viungo vya mashine kwa namna ambayo mkaguzi, mwenye karakana na mfanyakazi wataelewana. Kanuni inayosema "washa" mahali pa sahani ya kubana itakuwa imehalalisha hatari.

Kundi la tatu ni la wale wanaotaka kila neno liundwe upya kwa mizizi ya Kibantu. Nia yao ni njema, lakini shafti na nati zimekwisha kukubalika midomoni, na jina jipya litakaloishi kwenye karatasi tu halitamlinda mtu. Kigezo kisiwe asili ya neno, bali kama neno linatofautisha vitu ambavyo kazi inavitofautisha. Kwa kigezo hicho, shafti na nati zinafaulu, washa inashindwa, mhimili unabaki katika fizikia, na hesi inarejea kazini.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejadili viungo vichache vya mashine moja. Yamependekeza shafti ya msumeno, sahani ya ndani na sahani ya nje za kubana, nati ya shafti, hesi na bushi, na yamesisitiza kwamba mwelekeo wa kukaza uelezwe kwa mwendo wa msumeno, si kwa kulia na kushoto. Yanayopendekezwa hayapaswi kupokelewa kabla ya kupelekwa kwa maseremala na wakereza vyuma, kusikilizwa wanavyoyatamka na kurekebishwa pale yanapokwama.

Zipo mashine nyingine zenye hadithi kama hii: randa ya umeme, jiwe la kunolea, keekee ya kusimama, kinu cha kusaga. Vyombo vinavyosimamia lugha vinafanya kazi kubwa, na vyuo vikuu vina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka. Baadhi yao wapelekwe karakanani na daftari, wakaulize kila kiungo kinaitwaje, kinafanya nini, na kinadhuru namna gani kikikosewa. Swali hilo la tatu ndilo ambalo orodha nyingi za istilahi hazijaliuliza.